Nyoka Amekufa, Sumu Bado Imo Mguuni: Kisa cha Kimeta Mkoani Dodoma

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika wilaya moja ya mkoa wa Dodoma, mwishoni mwa kiangazi. Majina ya mgonjwa, kijiji na kituo cha afya yameachwa, na mambo machache ambayo yangemtambulisha mtu yamebadilishwa. Nimekiandika kwa ajili ya matabibu, wauguzi na maafisa mifugo wa vijijini, kwa sababu kilinionyesha kwa macho jambo ambalo chuoni nililijibu kwenye mtihani nikapata alama bila kulielewa sawasawa: unaweza kumuua bakteria ndani ya saa chache, na mgonjwa akaendelea kuharibika mbele yako kwa siku mbili tatu. Asiyejua hilo atabadilisha dawa iliyo sahihi, au atachukua kisu.

Usuli

Kijiji kipo kandokando ya mbuga, ile ardhi nyeusi tambarare inayopasuka nyufa wakati wa jua na kugeuka tope mvua zikianza. Watu hulima uwele na mtama, na karibu kila kaya ina ng'ombe wa kienyeji, mbuzi au kondoo. Ilikuwa Novemba. Nyasi zilibaki vishina, na ng'ombe walikuwa waking'oa mashina pamoja na mizizi na udongo wake. Hapo ndipo kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoweza kumpata binadamu, hupata nafasi. Bakteria wake, *Bacillus anthracis*, akikosa mwili wa kuishi hujifunga ndani ya spora, yaani ganda gumu, na spora hiyo huweza kukaa ardhini makumi ya miaka ikisubiri mdomo wa mnyama. Mifugo ya kijiji hiki haikuwa imechanjwa dhidi ya kimeta kwa misimu kadhaa.

Mgonjwa wetu ni mwanaume wa miaka arobaini na kitu, mkulima na mfugaji, ambaye hakuwahi kulazwa maishani mwake.

Mfuatano wa matukio

Siku ya kwanza, alfajiri, ng'ombe jike alikutwa amekufa zizini. Jana yake jioni alikamuliwa kama kawaida. Damu nyeusi ilikuwa inamtoka puani na njia ya haja kubwa, na mzoga ulikuwa mlegevu, haujakakamaa kama inavyotarajiwa. Mama mzazi wa mgonjwa alisema wazi kwamba hicho ni kibudu, kisiliwe. Hakusikilizwa. Naomba msomaji asikimbilie kuwahukumu. Novemba ghala liko tupu, na ng'ombe mmoja ni ada ya shule, ni mahari, ni nauli ya kwenda hospitali. Akishakufa, nyama na ngozi ndivyo vitu pekee vilivyobaki vya kuokoa.

Mgonjwa alichuna akisaidiwa na vijana wawili. Juu kidogo ya kifundo cha mkono wa kulia alikuwa na mchubuko wa mwiba wa mgunga, aliochomwa siku iliyotangulia alipokuwa akiziba ua wa zizi. Damu ya mnyama ilimtiririkia hadi kwenye viwiko, na anakumbuka kwamba haikuganda mpaka walipomaliza kugawana. Nyama ilikwenda nyumba sita. Ngozi ilibebwa begani na kijana mmoja, ikaanikwa.

Siku ya nne aliota kipele kinachowasha mahali pa mchubuko, akadhani ni mdudu. Siku ya sita kipele kilizungukwa na vilengelenge, na katikati pakaanza kuwa peusi. Alinunua vidonge vya amoksilini kwenye duka la dawa, akameza kwa siku mbili, akaacha alipoona mkono unazidi kuvimba.

Siku ya nane aliletwa kituoni na mdogo wake kwa bodaboda. Zamu ilikuwa yangu. Joto lilikuwa nyuzi 38.2, mapigo ya moyo 98 kwa dakika, shinikizo la damu la kawaida. Mkono ulivimba kuanzia vidoleni hadi juu ya kiwiko. Niliandika kwenye faili: maambukizi ya ngozi na nyama ya chini yake, huenda kuna jipu. Niliagiza kloksasilini ya sindano na kumpangia kupasuliwa asubuhi.

Kosa hilo lilizuiwa na muuguzi mmoja mwenye miaka mingi kazini. Alikuwa anasafisha kidonda, akabonyeza pembeni mwa weusi ule na kuuliza, "Baba, hapa nikibonyeza unasikiaje?"

"Sisikii maumivu, sista. Panawasha tu."

Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi. Mgonjwa hakuvuta mkono. Muuguzi akaja mlangoni kwangu na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba mtu mwenye jipu la ukubwa ule hakupi mkono wake uuchezee hivi.

Nilirudi kuangalia upya, safari hii nikiwa nimekaa. Kigaga kilikuwa cheusi tii, kikubwa kama sarafu ya shilingi 200, kimezama katikati kuliko kingo zake. Kukizunguka kulikuwa na pete ya malengelenge yenye maji ya rangi ya chai hafifu. Usaha haukuwepo hata tone. Nilikandamiza uvimbe wa mkono kwa kidole gumba nikahesabu mpaka kumi. Nilipokiondoa, hakikuacha shimo. Chini ya ngozi palikuwa kama uji mzito ulioganda. Kwapani kulikuwa na mitoki miwili.

Nikamuuliza kama amechuna mnyama siku za karibuni. Akamwangalia mdogo wake kwanza, kisha akatusimulia yote niliyoyaandika hapo juu.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kufuta upasuaji. Kigaga cha kimeta si kifuniko cha usaha. Ni nyama iliyokufa, na chini yake hakuna cha kukamua. Kukikata kunafungua njia ya bakteria kuingia kwenye damu, na hakumpunguzii mgonjwa chochote.

Wa pili ulikuwa kuchukua sampuli kabla ya dozi inayofuata. Tuliinua ukingo wa kigaga bila kukibandua, tukapaka majimaji kwenye slaidi na kuyatia rangi ya bluu ya methilini. Hatukuona bakteria yeyote. Jibu hilo lingeweza kutupoteza. Lakini mgonjwa alikuwa ameshameza amoksilini siku mbili na kupata dozi moja ya kloksasilini, na kwenye kidonda cha kimeta bakteria hupotea haraka sana mgonjwa akishaanza antibiotiki inayowaua. Slaidi tupu baada ya dawa haikanushi kimeta. Tuliamua kuamini mkono na historia kuliko slaidi.

Wa tatu ulikuwa tiba. Kidonda kidogo kisicho na homa hutibiwa kwa vidonge vya siprofloksasini au doksisaiklini. Huyu alikuwa na homa, na uvimbe ulikuwa umevuka kiwiko, hivyo tulianza siprofloksasini ya mshipa. Tulitaka pia klindamisini, kwa sababu nitakayoieleza kwenye uchambuzi. Kituoni haikuwepo, ilifika kesho yake jioni kutoka hospitali ya wilaya.

Wa nne ulikuwa taarifa. Kimeta ni ugonjwa wa kutolewa taarifa mara moja, kwa upande wa afya na wa mifugo pia. Nilimpigia mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya, kisha afisa mifugo wa kata, usiku uleule. Hili la pili ndilo lililotupatia uthibitisho. Siku ya kumi ng'ombe wa jirani alikufa ghafla, na safari hii mtendaji wa kijiji alizuia mzoga usiguswe. Afisa mifugo alichukua matone ya damu kwenye mshipa wa sikio bila kumpasua mnyama. Chini ya hadubini zilionekana fito za bluu zenye ncha zilizokatika mraba, zimeungana minyororo mifupi, na kila moja imezungukwa na utando wa rangi ya waridi.

Mwisho tulifuatilia watu. Wachunaji na waliokula nyama waliandikwa majina na kuangaliwa kila siku, na wale tuliowaona wako kwenye hatari kubwa wakapewa dawa ya kinga. Kijana aliyebeba ngozi alikutwa na kipele shingoni. Yeye hatukumweka kituoni hata saa moja, maana uvimbe wa shingoni ukikua unaweza kuziba njia ya hewa. Alipelekwa hospitali ya wilaya siku hiyohiyo, akapona.

Siku ya tatu ya dawa

Hapa ndipo kisa kilipotaka kutuharibikia. Homa ilishuka siku ya pili ya dawa, lakini mkono ulizidi kukua. Siku ya tatu uvimbe ulifika begani na kuteremka ubavuni. Kigaga kilipanuka. Mdogo wake mgonjwa alinisubiri nje ya wodi, akiwa ameshaongea na mwenye gari.

"Daktari, mimi nakuheshimu. Lakini mkono huu tulikuja nao hapa," akaonyesha kiwiko, "na leo uko hapa." Akaweka kiganja begani. "Hiyo dawa inafanya nini?"

Alisema yupo mtu kijiji cha pili anayechanja chale na kutoa damu mbaya. Na kusema kweli hata mwenzangu wa zamu ya asubuhi alikuwa ameanza kushauri tubadilishe dawa, na tuchane uvimbe kidogo ili maji yatoke.

Nilimuuliza yule ndugu kama amewahi kuua nyoka aliyemng'ata mtu. Akasema ndiyo. Nikamuuliza: ulipomuua, mguu uliacha kuvimba? Akanyamaza, akatikisa kichwa. Nikamwambia kwamba dawa imeshamuua nyoka, na dalili ni homa iliyoshuka. Sumu aliyoitema kabla ya kufa imeshaingia kwenye nyama ya mkono, na hiyo dawa yetu haiwezi kuifuata. Mwili utaimaliza wenyewe, na kazi yetu ni kulinda mkono usife kabla.

Nilimwambia pia tungeangalia nini: vidole vikipoa au kufa ganzi, pumzi ikiwa nzito, au shinikizo la damu likishuka, tungempeleka hospitali ya rufaa bila kusubiri asubuhi. Tuliandika vipimo hivyo kwenye karatasi tukaibandika juu ya kitanda, na yeye mwenyewe akawa anagusa vidole vya kaka yake kila baada ya saa chache. Mkono ulining'inizwa juu ya usawa wa moyo. Gari liliondoka tupu.

Matokeo

Siku ya tano ya dawa uvimbe ulianza kurudi nyuma, kwanza ubavuni, kisha begani. Tulimhamishia kwenye vidonge vya siprofloksasini, miligramu 500 mara mbili kwa siku, na tiba yote ilikuwa siku 10. Kigaga kilidondoka chenyewe wiki ya tatu, kikaacha kovu jipya la rangi ya waridi. Vidole vinakunja na kushika jembe. Kati ya waliofuatiliwa, hakuna aliyefariki.

Uchambuzi: sumu ilifanya nini ndani ya mkono ule

Kila kitu kilichonidanganya siku ya kwanza kilikuwa kazi ya sumu. Mkono usiouma, kidonda kisicho na usaha, na uvimbe usiobonyea, vyote vina maelezo yake ndani ya seli.

Bakteria wa kimeta hutoa protini tatu, na hakuna inayodhuru ikiwa peke yake. Ya kwanza nitaiita protini ya mlango. Hushika kwenye vipokezi vilivyo juu ya seli zetu. Hapo kimeng'enya cha seli yenyewe, kiitwacho furini, huikata kipande, na mabaki yake hujiunga saba, wakati mwingine nane, yakawa pete. Juu ya pete hupanda protini mbili nyingine. Seli, kwa desturi yake ya kumeza vilivyoshikamana na ngozi yake, humeza mzigo wote ndani ya kifuko, kisha hukitia kifuko hicho asidi kama inavyofanya kwa kila inachotaka kumeng'enya. Asidi hiyo ndiyo ishara ambayo sumu inaisubiri. Pete hugeuka kuwa tundu, na protini mbili hupenya hadi ndani ya seli. Mara zote mbili kazi imefanywa kwa vifaa vyetu wenyewe: kisu chetu na asidi yetu.

Moja ya protini zilizopenya ni ile ya uvimbe. Imelala usingizi mpaka ikutane na kalmodulini, protini yetu, ndipo iamke na kuanza kuzalisha kwa wingi kemikali ya ujumbe iitwayo cAMP. Jambo hili lilielezwa na Stephen Leppla mwaka 1982. cAMP ikifurika, maji huvuja kutoka kwenye mishipa na kujaa kwenye tishu. Huo ndio uji ulioganda niliougusa kwa kidole. Kemikali hiyohiyo hulemaza seli nyeupe za damu: zinafika kwenye kidonda lakini haziwezi kumeza. Usaha kwa sehemu kubwa ni seli nyeupe zilizokufa vitani. Kidonda cheusi kisicho na usaha maana yake ni kwamba vita yenyewe imezuiwa.

Protini nyingine ni ya kuua. Ni mkasi wenye madini ya zinki, na mwaka 1998 ilijulikana inachokata: protini za kundi la MAPKK, ambazo seli huzitumia kupokezana taarifa kutoka juu ya ngozi yake hadi kwenye kiini. Seli ya ulinzi iliyokatiwa waya hizo haiwezi kupiga kelele kuwaita wenzake, na nyingine hufa. Nadhani hapa ndipo ufundi wa bakteria huyu ulipo. Haanzi kwa kujificha. Anaanza kwa kuwaziba mdomo walinzi.

Kuhusu maumivu, kwa muda mrefu matabibu walijua tu kwamba kidonda cha kimeta hakiumi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa neva zinazobeba maumivu zina vipokezi vya sumu hii, na kwa panya sumu ya uvimbe ilinyamazisha maumivu. Swali la yule muuguzi, "unasikiaje?", liligusa jambo hilo moja kwa moja.

Kisha kuna koti. Ule utando wa waridi kwenye damu ya ng'ombe umejengwa kwa asidi ya glutamiki ya umbo la D, ilhali protini za mwili wetu hujengwa kwa umbo la L. Kinga huutambua kwa shida, na seli nyeupe hushindwa kuushika. Bakteria anahitaji vyote viwili, koti na sumu, na kila kimoja kimeandikwa kwenye plasmidi yake, kipande kidogo cha vinasaba kilicho kando ya vinasaba vikuu vya bakteria. Mwaka 1937 Max Sterne, akifanya kazi Onderstepoort, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya mifugo nchini Afrika Kusini, alipata aina iliyopoteza koti lakini inatoa sumu bado. Mnyama akichanjwa kwa aina hiyo hatengenezewi ugonjwa, bali hutengeneza kingamwili dhidi ya protini ya mlango. Mlango ukizibwa, mkasi na maji hubaki nje. Chanjo ya kimeta wanayopewa ng'ombe wetu hadi leo imetokana na kazi hiyo.

Sasa turudi kwenye siku ya tatu. Siprofloksasini humzuia bakteria kunakili vinasaba vyake, naye hufa. Haina lolote la kufanya kwa protini ambayo tayari iko ndani ya seli ya mgonjwa, inazalisha cAMP. Harry Smith na James Keppie walilionyesha hili Uingereza katika miaka ya 1950: nguruwe-guinea walioambukizwa kimeta, wakishafika hatua fulani, walikufa hata bakteria walipoondolewa kwa dawa, kwa sababu damu ilikuwa imejaa sumu. Klindamisini tuliitaka kwa sababu huzuia kiwanda cha protini cha bakteria, hivyo bakteria aliyebaki hai anakosa kutengeneza sumu mpya. Nayo pia haigusi ya zamani. Zipo kingamwili zilizotengenezwa kiwandani zinazoziba protini ya mlango, mojawapo iliidhinishwa Marekani mwaka 2012, lakini hizo hazipo kwenye kabati la kituo cha afya. Dondakoo hufuata mantiki hiyohiyo, ndiyo maana mgonjwa wa dondakoo hacheleweshewi dawa ya kuzima sumu kwa kusubiri majibu ya maabara.

Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Kilichofanya kazi kwanza ni mkono wa muuguzi na uhuru wake wa kunijia mlangoni. Kituo ambacho muuguzi anaogopa kumsahihisha tabibu kingempasua mgonjwa huyu. Pili ni simu ya usiku kwa afisa mifugo. Binadamu alinyimwa uthibitisho na antibiotiki alizomeza, ng'ombe akautoa. Tatu ni karatasi ya kitandani. Ndugu wa mgonjwa hakutulia kwa sababu nilimwambia atulie. Alitulia alipokuwa na kitu cha kuangalia na alipojua ni lini tutaogopa.

Nililoshindwa ni historia. Mkoa wa wafugaji, mwezi wa ukame, mkono wenye kidonda cheusi, na sikuuliza kuhusu wanyama mpaka nilipokumbushwa. Sasa swali la mizoga limeandikwa kwa kalamu nene kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la wagonjwa wa nje.

Chanjo ya mifugo nayo ilitupa somo la kiutendaji. Ni chanjo hai, na mnyama akiwa amepewa penisilini, dawa hiyo huiua chanjo kabla haijafanya kazi. Ilibidi afisa mifugo atenge ng'ombe wenye homa wapate dawa kwanza, na kurudi kuwachanja baadaye. Wenye mifugo waliona kama anabagua, na alitumia asubuhi nzima chini ya mbuyu kuwaeleza.

Ngozi hatukuipata. Ilishauzwa mnadani siku mbili kabla mgonjwa hajafika kwetu, na mnunuzi alikuwa wa kupita.

Mzoga wa ng'ombe wa pili, ambao haukupasuliwa, ulifukiwa shimo la mita mbili. Bakteria walio ndani ya mzoga uliofungwa huozea humo. Wanaohitaji kuogopwa ni wale waliokutana na hewa, kwa maana hao ndio hujifunga kuwa spora. Ng'ombe wa kwanza alichunwa chini ya mgunga, na damu yake ilinyweshwa ardhi ileile. Udongo wa juu ulichotwa na kuzikwa, na mahali pale pamezungushiwa miiba. Panateremkia mbugani, na mvua ya kwanza ilinyesha siku nne baada ya ua ule kukamilika.